Madoa ya mbolea na dawa kwenye rimu: ijue kemikali kabla hujashika brashi

Msimu huu maswali mengi yanayonifikia ni yale yale ya kantangaze na bei ya mbolea, ila kuna moja ambalo sikulizoea, na sasa nimeulizwa na watu watatu tofauti: "Bwana shamba, gari langu linabeba mbolea na dawa, rimu zimeota madoa, mengine meupe, mengine ya bluu. Nimesugua mpaka mkono umechoka. Niweke nini?"

Kuna atakayesema bwana shamba anaingiaje kwenye mambo ya rimu, aende gereji. Naingia kwa sababu doa lenyewe limetoka kwenye mfuko au chupa ambayo pengine mimi ndiye niliyekushauri ununue. Fundi wa gereji anaijua rimu, lakini hajui oksikloridi ya shaba inafanya nini ikikutana na siki. Hilo ni la kwetu.

Na jambo hili si la urembo tu. Kirikuu na pikapu nyingi za siku hizi zinatembea na tairi za tyubulesi, zile zisizo na tyubu ndani. Upepo unazuiwa na ukingo wa tairi kubana vizuri kwenye ukingo wa rimu. Kutu ikiingia pale, au alumini ikiliwa vishimo, upepo unatoka kidogo kidogo. Unajaza jioni, asubuhi imelala. Sasa piga hesabu: umepakia tenga za nyanya saa tisa usiku kuwahi soko, tairi ya nyuma inaanza kukaa katikati ya safari, na nyanya haisubiri mtu. Pili, anayeosha gari kwa kawaida ni mdogo wako au kijana wa mtaani anayelipwa kwa gari, hana glovu, na wewe hujamwambia wiki hii gari lilibeba nini.

Kwa hiyo swali la "niweke nini" ni la pili. La kwanza ni: hilo doa ni la kemikali gani, na lipo juu ya chuma gani?

Anza na rimu yenyewe

Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikishika, rimu ni ya chuma. Isiposhika, ni ya alumini, hizi tunazoita sport rimu. Ya chuma inang'aa kama kioo? Hiyo imepakwa kromu, na ndivyo zilivyo ringi nyingi za spoku za pikipiki. Halafu angalia kama rimu ya alumini bado ina klia, ule utando wa rangi usioonekana ambao mafundi rangi wanaupaka juu. Klia ikiwa nzima, doa limekaa juu ya klia na una nafasi kubwa ya kulitoa. Klia ikiwa imebanduka, doa limekaa juu ya chuma kitupu na mambo yanabadilika kabisa.

Alumini ina tabia moja ambayo mkulima ataielewa haraka kuliko dereva, maana ni suala la pH. Juu ya alumini kuna ngozi nyembamba sana ya oksidi inayojitengeneza yenyewe, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Inakaa salama kwenye pH ya takriban 4 hadi 8.5. Ukishuka chini ya hapo kwa asidi, ngozi inayeyuka. Ukipanda juu ya hapo kwa alkali, inayeyuka pia. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, wanadhani asidi peke yake ndiyo kali. Maji ya betri yapo chini ya pH 1, sawa, yanakula. Lakini maji ya chokaa yapo juu ya 12, na kostiki ile ya kutengenezea sabuni inafika 13 mpaka 14, nayo inakula alumini vilevile huku ikitoa mapovu ya hidrojeni. Jik ipo juu ya 11. Hata sabuni ya unga nyingi zipo kwenye 10 hivi, haitaharibu kwa kuosha na kusuuza, ila usiiache ikaukie kwenye rimu tupu. Siki ya dukani ipo kama 2.5. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nyingi zipo karibu na 7, na ndiyo maana nitaitaja mara nyingi humu.

Kama una zile karatasi za pH unazotumia kupima maji ya kupigia dawa, zitumie. Dondoshea tone kwenye kitu chochote unachotaka kupaka kwenye rimu. Ikisoma chini ya 4 au juu ya 9, kitu hicho hakikai kwenye alumini tupu, hata muuzaji akuapie.

Soma mahali doa lilipo

Kabla hujaanza kukwangua, zunguka gari na uangalie. Madoa ya kahawia, vitone vidogo kama viroboto, yakiwa zaidi kwenye rimu za mbele, mara nyingi hayahusiani na shamba kabisa. Hayo ni mavumbi ya breki, vichembe vya chuma vinavyotoka moto na kuchoma klia, halafu vinashika kutu. Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, ndiyo maana. Ukiona yamejaa rimu za nyuma, hasa upande wa ndani na chini ya mlango wa bodi, hapo ni mzigo. Mbolea imevuja kwenye mfuko uliotoboka, au kopo la dawa limelala, kimiminika kimefuata nyufa za bodi mpaka chini kikadondokea kwenye tairi.

Pia pitisha ukucha. Ukihisi kitu kimeinuka, ni kitu kilichoganda juu na kinaweza kutoka. Ukihisi hakuna kitu, ni rangi iliyopenya. Ukihisi ukucha unazama, basi hilo si doa tena. Hilo ni shimo, na hakuna dawa duniani ya kuosha shimo.

Mbolea: maji mengi kwanza

Mbolea nyingi ni chumvi. UREA, SA, DAP, CAN, MOP, zote zinavuta unyevu wa hewani, zinalowana zenyewe, na kile kimaji kinachobaki juu ya chuma ndicho kinacholeta kutu. SA inatengeneza maji yenye asidi kidogo, kwa hiyo inakula chuma haraka. MOP ni kloridi ya potasi, na kloridi ni adui mkubwa wa alumini kwa sababu inatoboa ile ngozi sehemu ndogo ndogo. Ukiona alumini ina vidoa vyeupe vya unga, na chini yake kuna tundu kama la sindano, mshuku huyo, au chumvi ya bahari kama uko pwani.

Habari nzuri ni kwamba chumvi hizi zinayeyuka kwa maji. Hazihitaji kemikali. Zinahitaji maji mengi, mapema, na upande wa ndani wa rimu, si upande wa nje unaoonekana na watu. Siku hiyo hiyo ya kubeba mbolea, kabla ya kulaza gari, mwagia rimu maji kwa mpira au ndoo, ndani na nje. Ukifanya hivyo sehemu kubwa ya makala hii haikuhusu.

CAN ndiyo inayosumbua kidogo. Naitrojeni yake inayeyuka, lakini ndani yake kuna chokaa au dolomaiti, na hiyo haiyeyuki kwa maji. Ndiyo maana unasuuza vizuri halafu inabaki rangi nyeupe kama chaki. Minjingu ya unga nayo ni mwamba wa fosfeti uliosagwa, hauyeyuki, unatoka kwa kusugua tu. Kwa ile chaki ya CAN, na kwa madoa ya maji ya kisima yenye chokaa nyingi, siki inasaidia kama klia bado nzima: nusu siki nusu maji, paka kwa kitambaa, utaona inachemka vipovu vidogo, hesabu dakika moja au mbili, suuza kwa maji mengi. Usiende kunywa chai ukairudia. Kama klia imetoka, acha siki, tumia sabuni na brashi ya meno hata kama itachukua mchana mzima.

Doa la bluu, na kwa nini siki inaweza kukuponza

Hapa nataka tukae kidogo, maana madoa ya shaba ndiyo yanayoharibu rimu nyingi za wakulima wa nyanya, viazi na kahawa, na ushauri unaozunguka mitandaoni wa "weka ndimu" ndio unaoyamaliza.

Unakumbuka lile jaribio la sekondari, msumari ukitumbukizwa kwenye maji ya mrututu? Msumari unatoka na rangi nyekundu ya shaba. Mwalimu alisema chuma kinaingia kwenye maji na shaba inatoka. Sasa rimu yako ni ule msumari. Alumini ni kali zaidi kuliko chuma kwenye mchezo huo, inaachia nafasi yake kwa shaba haraka. Vichembe vya shaba vikishaganda juu ya alumini, pakiwa na unyevu panakuwa kama betri ndogo: shaba inakaa salama, alumini inayoizunguka inaliwa. Hii ndiyo sababu toka zamani watu wanaotengeneza mchanganyiko wa Bordeaux, ule wa mrututu na chokaa ambao Millardet aliutangaza kule Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, wanaambiwa wayeyushe mrututu kwenye pipa la mbao au plastiki, si la chuma.

Kwa hiyo rangi inakupa taarifa. Bluu au kijani inamaanisha shaba bado iko kwenye chumvi, hujachelewa. Nyekundu ya kahawia chini ya ile bluu inamaanisha mabadilishano yameshafanyika.

Sasa tofautisha. Mrututu wenyewe unayeyuka kwa maji, kwa hiyo ni maji mengi na haraka. Lakini viuakuvu vingi vya shaba tunavyonunua ni oksikloridi au haidroksidi ya shaba, unga wa bluu au kijani ambao hauyeyuki kwa maji. Umetengenezwa hivyo makusudi ili ukae kwenye jani na uachie shaba kidogo kidogo. Ukikauka kwenye rimu, unakaa hivyo hivyo kama kwenye jani. Mtu anaona hautoki kwa maji, anachukua ndimu au siki. Na kweli, asidi inauyeyusha, doa linalainika, mtu anafurahi. Alichofanya ni kuigeuza shaba iliyokuwa imelala kuwa shaba iliyoyeyuka na yenye njaa, juu ya alumini iliyovuliwa ngozi na asidi ile ile. Baada ya wiki mbili anaona madoa ya kahawia na vishimo, anasema rimu ni feki.

Utaratibu wangu kwa shaba ni huu. Lowesha kwa maji ya sabuni ya vyombo, funika kwa kitambaa kilicholowa kwa robo saa ili unga ulainike, kisha sugua taratibu kwa brashi laini au dodoki, ukisuuza kila mara. Unatoa unga kama unga, huuyeyushi. Rudia mara tatu au nne. Kikibaki kivuli cha bluu na una uhakika klia ni nzima, hapo unaweza kupitisha siki iliyochanganywa na maji kwa dakika moja, na usuuze kwa maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Usitumie stilwaya. Inakwangua klia, na vipande vyake vinabaki kwenye alumini vikishika kutu.

Dawa za unga za njano, na zile zenye mafuta

Mancozeb mnaijua, ule unga wa njano. Haiyeyuki kwa maji lakini inatoka vizuri kwa sabuni na brashi. Ninachotaka ukumbuke ni kimoja: mancozeb haitaki asidi. Ikikutana na asidi inavunjika na kutoa gesi ya kaboni disulfidi, sumu, tena inayowaka. Kwenye rimu moja ni kiasi kidogo, lakini wewe umeinama, pua iko sentimita thelathini kutoka hapo. Hakuna siki, hakuna dawa ya choo kwenye doa la njano. Salfa ya unga, kwa ndugu zetu wa mikorosho kule Mtwara na Lindi, nayo haiyeyuki kwa maji. Ni sabuni na brashi tu, na vaa barakoa kama ni kavu.

Dawa za EC ni habari nyingine. Hizi ni zile ukimimina kwenye maji yanakuwa meupe kama maziwa, na zinanuka kama mafuta ya taa. Ndani yake kuna kiyeyusho cha mafuta, na kiyeyusho kinaweza kulainisha klia, kwa hiyo unapata doa linalonata na kuokota kila vumbi la njiani. Anza na sabuni ya vyombo isiyochanganywa na maji, paka, acha dakika tano, sugua, suuza. Likibaki, kitambaa chenye spiriti kidogo, futa mara moja, suuza. Petroli sitaki kuisikia. Mbali na moto, petroli inasaidia ile sumu kupenya kwenye ngozi ya mkono wako.

Rangi ya waridi au nyekundu ni ya mbegu zilizotibiwa dawa. Hiyo ni rangi tu, spiriti inaitoa, lakini glovu lazima kwa sababu rangi haikuja peke yake.

Viuagugu vya glaifoseti havina rangi ya kutisha, ila soma kibandiko chake: nyingi zimeandikwa zisihifadhiwe kwenye chombo cha chuma kisichopakwa ndani au cha bati lenye zinki. Kama haikai kwenye pipa la chuma, haikai kwenye rimu ya chuma iliyochubuka. Ni maji tu, siku hiyo hiyo.

Ile "dawa ya rimu" ya mtaani

Kuna sehemu moja ya kuosha magari, sitaitaja, ambako niliona kijana anapiga rimu kwa kimiminika kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na kibandiko. Doa linatoka hapo hapo, rimu inakuwa nyeupe pee. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hiyo ni nini?" Akanijibu, "Shikamoo bwana shamba, hii ni dawa ya rimu, anatuletea jamaa." Mikononi hana kitu, miguuni ndala.

Vimiminika vya namna hii mara nyingi ni asidi: haidrokloriki, ile inayopatikana pia kwenye dawa za choo, au maji ya betri. Baadhi ya visafishio vya rimu duniani vina asidi ya haidrofloriki au chumvi zake, na hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Ikiwa nyepesi haiungui papo hapo, mtu hajisikii maumivu, lakini inapenya ngozi na kwenda kuvuta kalsiamu mwilini mpaka kwenye mfupa. Maumivu yanakuja baada ya saa kadhaa. Aliyeguswa na kitu asichokijua kwenye kusafisha rimu asuuze kwa maji yanayotiririka muda huo huo, avue nguo zilizolowa, aende hospitali akiwa na ile chupa, hata kama haumwi. Machoni ni maji yanayotiririka dakika 15 mpaka 20, kope zikiwa wazi, ndipo safari ya hospitali ianze.

Kwa upande wa rimu, ile rangi nyeupe pee unayoifurahia ni alumini iliyochubuliwa. Baada ya siku chache inaanza kuwa na ukungu kama wa maziwa usiotoka. Hilo ndilo doa gumu kuliko yote kwa sababu si doa. Kwenye kromu, haidrokloriki inaingia kwenye nyufa ndogo na kula chini, kromu inabanduka kama ganda la kitunguu.

Na vitu visivyokutana

Watu wengi wanachanganya wakidhani viwili ni bora kuliko kimoja. Jik na dawa ya choo au siki vinatoa gesi ya klorini. Jik juu ya mabaki ya UREA, SA au CAN inatoa kloramini, inayobana kifua. Kostiki au chokaa juu ya SA, DAP au CAN inatoa amonia, utaisikia mwenyewe machoni. Kwa mkulima Jik ibaki ya nguo nyeupe. Kwenye gari lililobeba mbolea haina kazi.

Namna ninavyoosha

Gari lipoe kwanza. Rimu ikiwa ya moto, sabuni au siki inakauka kabla hujasuuza na inaacha doa jipya. Weka kiganja, ukiweza kukiacha bila kuungua, anza. Egesha kwenye majani au udongo mbali na kisima, mtaro na mto. Haya maji yana dawa ndani yake, na yakifika kwenye kidimbwi cha samaki au kwenye bomba la umwagiliaji la jirani utakuwa na kesi nyingine. Vaa glovu za mpira, gambuti, na miwani kama unatumia brashi ya kurusha matone. Maji matupu kwanza, mengi. Halafu sabuni ya vyombo, rimu moja moja, usizipake zote nne kwa pamoja. Brashi ya rimu isiwe ile unayooshea tenga za nyanya. Upande wa ndani fika kwa brashi ya mpini mrefu, huko ndiko mbolea inakojificha. Tundu za nati, brashi ya meno.

Kila kitu kipya ukijaribu kwanza sehemu isiyoonekana, upande wa ndani, ukubwa wa sarafu. Subiri mpaka pakauke ndipo uamue.

Ukimaliza, kausha kwa kitambaa, kisha endesha taratibu na ukanyage breki mara kadhaa kuzikausha. Usipake mafuta au grisi kwenye rimu ili ing'ae. Grisi ikifika kwenye diski ya breki, gari halisimami.

Lini uache kusugua

Kama ukucha unazama, kama kuna ukungu wa asidi, au kama klia inabanduka vipande, acha kemikali. Rimu ya chuma ina dawa rahisi: kwangua kutu kwa msasa mpaka uone chuma, futa, paka red oxide, kisha rangi ya kawaida, na usipake rangi pale nati zinapokaa maana nati italegea. Rimu ya alumini inapelekwa kwa fundi rangi, achubue, apige upya rangi na klia. Vishimo vikiwa kwenye ukingo unaobana tairi, mwite fundi pancha atoe tairi kabisa. Jaribio ni rahisi: paka maji ya sabuni kuzunguka ukingo, ukiona mapovu yanakua, upepo unatokea hapo. Ukingo wa chuma wenye kutu nyepesi unasafishwa na kupakwa gundi yake. Wenye vishimo virefu, au rimu yenye ufa wowote, nunua nyingine. Ufa hauungwi kwa gari la mzigo.

Tairi likishafunguliwa, rudi ukaze nati baada ya kilomita 50 hadi 100. Kutu na mbolea kwenye uso wa rimu vikisagika, nati inapata ulegevu ambao haukuwepo ulipofunga.

Na spea usiisahau. Kwenye pikapu nyingi inaning'inia chini ya bodi, mahali ambapo kila kitu kinachovuja juu kinamalizikia. Hakuna anayeiosha, hakuna anayeijaza upepo, na mnyororo wake unaliwa na mbolea kimya kimya. Ishushe wiki hii uiangalie.